Silinda au Magazini: Bastola ya Mtu Asiye na Mazoezi

Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma, maeneo kama Ipagala yamejaa nyumba za uzio, maduka ya jumla na vibanda vya miamala ya simu. Panapopita fedha pana hofu, na baadhi ya wenye mali hufikiria kuomba leseni ya bastola Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hapo huzuka ubishi: ichukuliwe bastola ya silinda, yenye risasi tano au sita, au ya magazini inayojipakia yenyewe, kama Glock 17 inayobeba risasi 17? Wengi huvutwa na hiyo ya pili kwa wingi wa risasi tu. Naona wanahesabu kitu kisicho na uzito. Muuza duka ambaye atafyatua silaha yake uwanja wa shabaha mara chache sana kwa mwaka anafaa zaidi na silinda.

Kinachotofautisha silaha hizi ni kinachotokea mambo yanapoharibika. Risasi ikigoma kwenye silinda, mtu huvuta tena triga na silinda inazunguka kuleta nyingine. Kwenye bastola ya magazini, risasi iliyogoma au ganda lililonasa huzuia kila kitu mpaka mtu akoki upya kwa mikono miwili, na mikono inayotetemeka gizani haikumbuki kitu ambacho haikuzoezwa. Hatari kubwa zaidi iko mchana, nyumbani. Mtu huchomoa magazini, akaamini bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba. Silinda ukiifungua unaziona zote. Nyumba yenye watoto haiwezi kuudharau ukweli huo, ingawa hata silinda mahali pake ni kwenye kasha lenye kufuli.

Watetezi wa magazini hutaja Miami, Aprili 11, 1986, ambapo wapelelezi wawili wa FBI waliuawa na wenzao watano wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa na bastola za silinda. Baada ya hapo polisi wa Marekani waliharakisha kuziacha. Lakini wale walikuwa wanawasaka majambazi, na mmoja wa majambazi alikuwa na bunduki ya Ruger Mini-14. Mwenye duka hamsaki mtu. Anataka mvamizi aondoke. Tena wingi wa risasi una gharama yake. Februari 1999 polisi wanne wa New York walimfyatulia Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea asiye na silaha, risasi 41. Zilizompata ni 19. Hao walikuwa wamefunzwa. Ipagala, risasi inayokosa huelekea kwa jirani, na dirisha au mlango wa bati hauizuii. Sheria nayo inamwangalia mpigaji: Kanuni ya Adhabu inaruhusu kujitetea kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na anayezidisha hujibu mahakamani.

Wapo wanaosema vumbi la Dodoma, hasa upepo wa kiangazi, ndilo liamue. Haliamui. Vumbi huingia kwenye silinda vilevile, na bastola nyingi za kisasa za magazini hulivumilia vizuri; silinda ikikwama kabisa, haikwamuki kwa mkono kwa urahisi. Pingamizi lenye nguvu ni jingine: triga ya silinda ni nzito, mtutu wake mara nyingi mfupi, na kulenga nayo ni kazi kwa asiyezoea. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu hata mwenye silinda hawezi kukwepa mazoezi. Uzito huohuo, hata hivyo, hupunguza uwezekano wa kidole chenye hofu kufyatua bila kukusudia. Kwa mlinzi aliyefunzwa, anayefyatua kila mwezi na kuisafisha silaha yake kwa nidhamu, sina hoja ya kumnyang'anya magazini.