Kiwavi Mwenye Miiba: Tumjue, Tuwakinge Watoto

Mvua zinaponyesha Maswa, mashamba ya pamba na viazi vitamu hustawi, nasi akina mama huingia kuchuma matembele huku watoto wakicheza kandokando. Majani hayo yana walaji wengine pia. Mtoto analia ghafla, mkono unavimba, na mama hajui kilichomgusa. Mara nyingi ni kiwavi.

Wako viwavi wa aina nyingi wanaowasha. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Parasa vivida, hupatikana Afrika Mashariki na hula majani ya viazi vitamu, karanga, pamba na kahawa. Maisha yake yana hatua 4. Nondo jike mwenye mabawa ya kijani hutaga mayai upande wa chini wa jani. Mayai yakianguliwa, viwavi wadogo hula kwa kundi, kisha hutawanyika wanapokua. Hapo ndipo penye hatari. Miiba yao ni kama sindano zenye tundu, na ndani mna sumu. Ukiigusa, ncha hukatikia kwenye ngozi. Kiwavi akishiba hujifungia ndani ya kifuko kigumu na kuwa pupa. Mwishowe hutoka nondo, ambaye hachomi.

Tusidanganyike kwamba kiwavi akifa hatari imekwisha. Miiba iliyobaki kwenye mzoga wake, kwenye ngozi aliyojivua au kwenye kifuko kitupu huweza kuwasha bado, na watoto hupenda kuokota vitu hivyo.

Mtoto akichomwa tufanye hivi:

1. Tusimsugue wala kumkuna, kwani miiba itazidi kuingia.
2. Tubandike selotepu juu ya ngozi na kuibandua, turudie kwa kipande kipya.
3. Tuoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha tuweke kitambaa cha maji baridi.
4. Miiba ikiingia jichoni, tusuuze kwa maji safi na kumpeleka hospitali. Vivyo hivyo uso ukivimba, akitapika au akipumua kwa shida, tusingoje.

Kinga ni rahisi. Tupindue jani kabla ya kuchuma, tuvae mikono mirefu, na tukung'ute nguo zilizoanikwa kwenye miti. Kiwavi tumwondoe kwa kijiti, tumtumbukize kwenye maji ya sabuni. Na watoto tuwazoeze mapema: kiwavi hutazamwa kwa macho, hashikwi kwa mkono.