Ndege wa Ansab na Masikio ya Simu

Mabwawa ya Ansab yako katika wilaya ya Bawshar, ndani ya jiji la Maskati, si mbali na viwanda vya Ghala. Maji yake yametoka bafuni na jikoni mwa watu. Ni maji taka yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo wa jirani, na mengi ya maji ya namna hiyo mjini humwagilia miti na nyasi za kandokando ya barabara. Katika nchi kavu kama Omani, bwawa la maji baridi lenye matete pembeni halikosi wageni. Msese wa miguu mirefu ya waridi hutaga kingoni, kukuziwa hujipenyeza kati ya matete, na kuanzia Oktoba hadi Machi huongezeka bata kutoka Asia ya kaskazini, heroe, korongo wa kijivu na tai waliokimbia baridi. Orodha ya ndege waliopata kuonekana Omani ina spishi zaidi ya 500, na sehemu kubwa ni wapita njia: huzaliana Siberia au Asia ya Kati, kisha hushuka hadi Afrika Mashariki, na Rasi ya Arabuni iko katikati ya safari yao. Vitwitwi wanaodonoa tope la Ansab mwezi Septemba ni wa spishi zilezile zinazojaa hori la Mida, karibu na Watamu, majira ya kaskazi.

Kwa muda mrefu aliyetaka kuwajua ndege hawa alihitaji darubini, daftari na kitabu. Kitabu cha Michael Gallagher na Martin Woodcock, The Birds of Oman, kilitoka mwaka 1980, na ni kizito kiasi cha kuachwa garini. Mwaka 2017 Jens Eriksen na Richard Porter walitoa kingine chepesi zaidi cha kubeba mkononi. Leo mwenye burudani hii hutoka nyumbani na simu, na mara nyingi simu ndiyo inayomtajia jina la ndege kabla hajamwona. Namna inavyofika kwenye jina hilo, na kiasi gani cha kuiamini, ndiyo sehemu isiyoeleweka sana.

Darubini kwanza, maana hakuna programu iliyochukua nafasi yake. Ubavuni mwa darubini nyingi huandikwa namba mbili, kwa mfano 8×42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye umbali wa mita 80 huonekana kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, nao ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaoingia jichoni. Mboni ya jicho mchana wa jua kali haifunguki zaidi ya milimita mbili au tatu, hivyo mwanga unatosha na kubaki. Ziada hiyo hufaa alfajiri. Wanunuzi wapya hukimbilia darubini za 12 au 16 wakidhani kubwa ndiyo bora. Kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo kila mtetemo wa mkono unavyokuzwa nao, na Maskati kuna adui wa pili: mazigazi. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya changarawe hupata joto na kuchezacheza, na ndege wa mbali huonekana kama anatazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Dawa ni kuwahi.

Simu ikiwekwa nyuma ya darubini kubwa ya jicho moja hupiga picha ambazo zamani zilihitaji lenzi ndefu kama mkono. Ugumu uko katika milimita chache. Lenzi ya simu lazima ikae sawasawa na duara dogo la mwanga linalotoka kwenye darubini. Ikisogea kidogo, skrini hujaa doa jeusi lenye umbo la mwezi mchanga. Wengi hununua kishikizi cha plastiki, wengine hukata bomba la plastiki wakafunga kwa mpira. Hila mbili huokoa picha nyingi: kutumia kitufe cha sauti badala ya kugusa skrini, ili simu isitikisike, na kuchukua video kisha kuteua fremu moja tulivu. Picha haihitaji kupendeza. Picha yenye ukungu inayoonyesha rangi ya upande wa chini wa bawa ina thamani kuliko ile ya kutundika ukutani isiyoonyesha chochote.

Masikio ndipo mambo yalipobadilika zaidi. Programu inayotumiwa sana ni Merlin, ya maabara ya elimu ya ndege katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ilitolewa mwaka 2014 ikiuliza maswali matano tu: mahali, tarehe, ukubwa wa ndege, rangi zake na alichokuwa akifanya. Uwezo wa kusikiliza uliongezwa mwaka 2021. Mtumiaji hupakua kwanza kifurushi cha ndege wa eneo lake, kisha programu hufanya kazi hata bila bando.

Maikrofoni ya simu hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na umeme ukawa tarakimu. Kutokana na tarakimu hizo programu huchora spektrogramu, mchoro unaopita skrini kutoka upande hadi upande: muda umelala, sauti nyembamba zimepanda juu, nzito zimebaki chini, na palipo na nguvu pameiva weusi. Mluzi mmoja ulionyooka huwa mstari. Mlio unaopanda huwa kama mkwaju, na kelele ya kukwaruza huwa wingu. Mngurumo wa pampu za mtambo hulala chini kabisa ya mchoro kama zulia, na sauti nyingi za ndege huchezea juu yake, kati ya hezi 1,000 na 8,000, ndiyo maana pampu hazisumbui kama mtu anavyodhani. Upepo husumbua zaidi, maana hupiga maikrofoni yenyewe na kuchafua mchoro kutoka chini hadi juu. Kuigeuza simu mgongo uelekee upepo, au kuikinga kwa kofia, huleta nafuu kuliko kununua simu mpya.

Mchoro ukishapatikana, kazi inayobaki ni ya kutambua picha. Mtandao wa neva bandia umefundishwa kwa maelfu ya rekodi ambazo watu walizichora na kuziandikia majina: hapa ndege fulani, hapa mwingine, hapa gari. Unapopewa mchoro mpya hukadiria ni kwa kiasi gani unafanana na kila spishi iliyofundishwa, kisha programu hulinganisha makadirio hayo na mahali na majira. Ndege ambaye hajapata kuandikwa Arabuni mwezi wa Januari hupunguziwa alama, hata kama mlio unafanana naye.

Kwa hiyo jina linalojitokeza kwenye skrini ni kadirio lililovaa nguo za hakika. Lina vyanzo vitatu vya makosa, na Ansab vyote vinapatikana. Cha kwanza ni upungufu wa rekodi: spishi iliyorekodiwa mara chache haimo katika mafunzo, na mlio wake hupita kimya au hupewa jina la jamaa yake wa karibu. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zimerekodiwa mno. Arabuni na Afrika Mashariki bado zina mapengo, ingawa mkusanyiko wa wazi wa xeno-canto, ulioanzishwa Uholanzi mwaka 2005, unaendelea kuyaziba kwa mchango wa yeyote mwenye kinasa sauti. Cha pili ni waigaji. Maina, kwezi wa Kihindi mwenye mdomo wa njano aliyeenea kila bustani ya Maskati, huiga wenzake na hata milio ya vyombo, na simu haijui kama imesikia mwenyewe au mwigaji. Cha tatu ni mtumiaji aliyekwisha kuamini kabla ya kutazama.

Mfano mzuri ni chamchanga wawili wanaoshirikiana kingo za bwawa moja. Wakiwa wamesimama ni kahawia wote, na jua likiwapiga kwa nyuma hata mzoefu husita. Wakiruka, mmoja huonyesha upande wa chini wa bawa uliokaribia weusi, mwingine wa kijivu hafifu, na milio yao haifanani hata kidogo. Simu huwatenganisha upesi kwa sauti. Lakini huwa wanaruka pamoja, na simu haisemi ni yupi aliyelia. Hapo jicho hulazimika kurudi kazini. Kuna pia ndege mwingine mwenye ngozi nyekundu mbele ya jicho, mlinzi wa zamu asiyelipwa, ambaye hupiga makelele mara tu mtu anapofungua mlango wa gari. Kwa dakika nzima programu haitaji mwingine ila yeye.

Baadhi ya watu hutumia simu kinyume chake, wakipiga rekodi ya mlio ili ndege ajitokeze. Ndege hudhani mpinzani ameingia eneo lake, huacha kula au kuatamia akaja kupigana na kitu kisichokuwepo. Mara moja ni usumbufu. Kila Ijumaa asubuhi, wiki za kutaga, ni madhara.

Kinachobaki baada ya matembezi ni orodha, na hapo ndipo burudani inapokuwa elimu. Hazina kubwa ya orodha hizi ni eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ileile ya Cornell pamoja na shirika la Audubon, ikapanuliwa kupokea dunia nzima mwaka 2010. Mwaka 2021 ilipita rekodi bilioni moja. Orodha inayofaa hutaja saa ya kuanza, muda, umbali uliotembewa na idadi ya kila ndege, kisha hujibu swali moja linalorukwa na wengi: je, umeandika ndege wote uliowatambua? Jibu la ndiyo hufanya hata asiyetajwa awe na maana. Orodha 30 kamili za Ansab zisizo na heroe zinasema jambo kuhusu heroe. Picha 30 za heroe hazisemi chochote kuhusu siku alizokosekana.

Saa nayo ina mtego wake kwa wasemaji wa Kiswahili, ambao Maskati si wachache. Simu ikijaza yenyewe huandika 07:00. Anayejaza baadaye nyumbani kwa kumbukumbu, akifikiri saa moja asubuhi, akiandika 01:00, huwa amewatazama bata usiku wa manane. Mahali hakuna shida hiyo, kwani GPS hutosha: tarakimu nne baada ya nukta ya desimali ya latitudo ni kama mita 11, usahihi uliozidi haja ya bwawa. Kwa ndege wanaowindwa au kuibwa makinda, usahihi huo ni hatari, na eBird huficha mahali hasa pa spishi zilizo kwenye orodha yake ya tahadhari.

Rekodi isiyo ya kawaida haipiti hivi hivi. Kila eneo lina chujio linalojua idadi ya kawaida ya kila mwezi. Atakayeandika heroe 900 badala ya 90 huulizwa papo hapo. Akisisitiza, rekodi huenda kwa mhakiki wa kujitolea, mtu anayewajua ndege wa nchi hiyo, naye huomba picha au maelezo. Maelezo ya kwamba programu ilisema ni huyo hayamsaidii sana.

Majira ya joto orodha hupungua, na sababu si ndege peke yao. Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumike penye joto la nyuzi 0 hadi 35 za selsiasi. Tarehe 26 Juni 2018 huko Quriyat, katika mkoa wa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi siku kama hiyo hufifiza skrini, huacha kuchaji, kisha hujizima, na mwenyewe hayuko mbali na hali hiyo. Matokeo yake ni kwamba kile programu inachokijua kuhusu Ansab kimeegemea miezi ya baridi. Mlio wa Julai hulinganishwa na kumbukumbu chache, na mashaka yaongezwe kwa kiasi hicho.

Limebaki suala la majina. Familia nyingi za Maskati zenye asili ya Unguja na Pemba bado huita ndege kwa Kiswahili: yangeyange, heroe, hudihudi, na kunguru wa Kihindi, aliyepelekwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka na ambaye Maskati naye ni jirani wa kila siku. Majina hayo ni mazuri kwa jamii nzima ya ndege, ila pwani haikuona haja ya kumtenga kila chamchanga. Hifadhidata hukwepa tatizo hilo kwa kutounganisha rekodi na jina la lugha yoyote. Mmoja wa wale chamchanga wawili, kwa mfano, ni Tringa glareola, na nyuma ya skrini ni herufi sita tu: woosan. Mtumiaji akichagua kuona majina kwa Kiarabu au Kifaransa, neno lililo mbele yake hubadilika, na rekodi ya asubuhi ile hubaki ilivyoandikwa.