Sili ndogo ya shoki inavyohatarisha maisha ya abiria wa bodaboda

MWENDESHAJI bodaboda huamka alfajiri, akatazama kiasi cha petroli, akabonyeza magurudumu kupima upepo, kisha akashika njia kumtafuta abiria wa kwanza. Ni wachache wanaoinama kukagua nguzo mbili zinazoshikilia gurudumu la mbele. Ilhali ni hapo ambapo pikipiki hutoa mojawapo ya ishara za mapema za hatari: mduara mwembamba wa mafuta uliochanganyika na vumbi.

Nguzo hizo ni shoki za mbele. Kila moja ina bomba la ndani lililopakwa kromu, ambalo huteleza ndani ya bomba pana la nje. Humo mna springi na mafuta. Gurudumu linapogonga tuta, springi hujikunja na mafuta hulazimika kupenya katika vitundu vidogo, hivyo kupunguza makali ya mshtuko na kuizuia pikipiki kurukaruka. Mafuta yakiisha, springi hubaki peke yake, na gurudumu hudunda kama mpira.

Kinachoyazuia mafuta hayo ni sili, pete ya mpira inayokaa kwenye mdomo wa bomba la nje na kulikumbatia bomba la ndani. Juu yake huwa na kifuniko cha kuzuia vumbi. Kifuniko hicho kikipasuka kwa jua na uzee, na wengi hawajali kikipasuka, mchanga hupata mwanya wa kuifikia sili.

Katika barabara za murramu, matope yakikauka juu ya bomba huwa kama msasa: kila shoki inapopanda na kushuka, ukingo wa sili hukwaruzwa. Kutu nayo huchimba vishimo kwenye kromu, navyo huikata sili mpya sawa na ile kuukuu. Isitoshe, ipo dhuluma ya mzigo. Sheria za Kenya zinaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, lakini si ajabu kuona watatu, au magunia ya viazi. Ni kweli kwamba mzigo huelemea zaidi upande wa nyuma. Hata hivyo, breki zinapofungwa sehemu kubwa ya uzani husukumwa mbele, na shoki hizo ndizo huupokea.

Madhara yake si uchafu tu. Pua ya pikipiki huinama ghafla breki zinaposhikwa, na usukani huyumba kwenye mashimo. Kwa pikipiki zenye breki ya diski, mafuta yanayochuruzika yanaweza kufikia diski na pedi, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, ikakosa kushika pale inapohitajika.

Kupima ni rahisi. Bomba hupanguswa kwa kitambaa safi, breki ya mbele ikashikwa, kisha usukani ukasukumwa chini mara kumi hivi. Mstari wa mafuta ukijitokeza tena, sili inavuja. Kabla ya kuibadilisha, fundi stadi huinua kifuniko cha vumbi na kupitisha kipande chembamba cha plastiki laini chini ya ukingo wa sili, akikizungusha ili kutoa chembe za mchanga. Wakati mwingine hilo hutosha.

Lisipotosha, sili hubadilishwa zote mbili, hata kama ni upande mmoja unaovuja. Kizibo cha juu cha kila shoki hulegezwa shoki ingali imebanwa mahali pake, kwa kuwa ikishatolewa huwa vigumu kuishika. Pikipiki huinuliwa ikasimama imara, gurudumu na madigadi vikaondolewa, kisha shoki zikachomolewa. Kizibo hufunguliwa kwa uangalifu, maana springi iliyo chini yake inaweza kukirusha usoni. Mafuta ya zamani humwagwa, klipu ya sili hutolewa, na bomba la ndani hutenganishwa na la nje.

Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Bomba lililopinda au lenye vishimo virefu katika sehemu inayopita kwenye sili halifai kurudishwa. Mikwaruzo midogo pekee ndiyo inayoweza kulainishwa kwa msasa mwembamba sana. Sili mpya hupakwa mafuta ya shoki, na mwisho wa bomba hufunikwa kwa karatasi ya plastiki ili ncha zake zisiipasue. Sili hugongwa polepole kwa kipande cha paipu kinacholingana nayo, wala si kwa bisibisi, hadi mfereji wa klipu uonekane wote.

Mafuta hupimwa kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki husika, na pande zote mbili hupata sawa. Ipo tabia mbaya ya kumimina oili iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo imejaa masizi na chembe za chuma, nayo huimaliza sili mpya upesi. Gurudumu likisharejeshwa, shoki husukumwa juu na chini mara kadhaa kabla ya kukaza ekseli, ili zikae sambamba.

Baada ya hapo, kazi ya mwenye pikipiki ni kupangusa bomba kila jioni kabla matope hayajakauka, na anapoosha kwa mashine ya maji ya kasi, asiyaelekeze moja kwa moja kwenye sili.