Bastola ya stenlesi nayo hushika kutu: jinsi ya kuisafisha bila kumdhuru mtu

Swali hili lilitufikia kwa ujumbe mfupi baada ya kipindi chetu cha ulinzi wa mali msimu wa korosho. Msikilizaji anamiliki bastola ndogo ya silinda, ana leseni yake, na bastola yenyewe inang'aa kama kijiko. Alipoinunua aliambiwa ni stenlesi, haitashika kutu maisha. Sasa ameona vidoa vya kahawia karibu na mpini na kwenye ukingo wa silinda. Anauliza kama aliuziwa feki, na kama anaweza kuvisugua kwa stiliwaya ile ya masufuria.

Huenda si feki. Na stiliwaya aiweke mbali kabisa. Hewani tulimjibu kwa dakika mbili tu, lakini swali lake lina mambo mengi kuliko kutu, na baadhi yake yanamhusu hata mke, mama au kijana anayeishi kwenye nyumba yenye silaha bila kuwahi kuigusa. Ndiyo maana tunaliandika hapa kwa kirefu.

Chuma kilichotafutwa kwa ajili ya mitutu

Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mtaalamu wa vyuma aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakingeliwa haraka na joto na moshi wa baruti. Akajaribu kuchanganya chuma na madini ya kromiamu. Alichopata kikawa na tabia nyingine iliyomshangaza: hakikushika kutu kama vyuma vingine. Sheffield ni mji wa watengeneza visu, kwa hiyo chuma hicho kilikwenda mezani na jikoni.

Kwenye bastola kilichelewa sana, kwa kuwa ni kigumu kuchonga na huchosha vifaa vya kiwandani. Ni mwaka 1965 ndipo kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson ilipotoa Model 60, bastola ya silinda ya kwanza ya stenlesi kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Ilichukua umbo la bastola yao ya chuma cha kawaida ya mwaka 1950: mtutu mfupi wa kama sentimita 5, uzito wa nusu kilo na kidogo, na silinda yenye matundu matano ya risasi za kaliba .38. Bastola nyingi ndogo za silinda zinazobebwa leo, hata zile za viwanda vingine, zinafanana na hiyo.

Kinachozuia kutu ni kama ngozi. Kromiamu ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaofunika chuma chote. Ukiukwaruza hujirudisha wenyewe, mradi hewa ifike na pawe safi. Adui mkubwa wa utando huu ni chumvi. Jasho lina chumvi, na upepo wa bahari una chumvi. Mtu wa Lindi au Mtwara anayetembea na bastola kiunoni chini ya shati tangu asubuhi mpaka jioni anaipaka chumvi siku nzima, tena mahali pasipopita hewa. Vidoa vya msikilizaji wetu vilianzia karibu na mpini, pale mwili wake unapogusa chuma. Haishangazi.

Halafu stenlesi si moja. Kijiko kizuri au sinki huwa na kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Chuma cha bastola sharti kiweze kukazwa kwa moto ili kistahimili mshindo, kwa hiyo mara nyingi hutumika aina yenye kromiamu karibu asilimia 12 au 13, bila nikeli ya maana. Hiyo ni ngumu zaidi lakini hushika kutu upesi kuliko kijiko. Ndani ya bastola pia kuna springi na vipande vidogo ambavyo si lazima viwe vya stenlesi.

Kuhusu feki, kuna jambo moja la kuangalia. Zipo bastola za chuma cha kawaida zilizopakwa nikeli, nazo hung'aa vilevile. Ukiona mng'ao unabanduka kama magamba na chini yake kuna rangi nyingine, hiyo imepakwa. Doa la kahawia lililokaa juu, lisilobanduka, ni kutu ya kawaida ya stenlesi.

Kabla ya mafuta, hesabu matundu

Kila anayefuatilia taarifa za habari amewahi kusikia maneno haya: "alikuwa akisafisha silaha ikafyatuka." Silaha haifyatuki kwa kusafishwa. Hufyatuka kwa sababu kuna risasi ndani na kuna kidole kwenye triga. Hapa ndipo naomba usome polepole, maana kutu itaharibu bastola yako, lakini kosa la hapa litaharibu nyumba yako.

Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitampata mtu. Kumbuka kwamba mlango wa mbao, dari na bati havizuii risasi, kwa hiyo "hakuna mtu chumbani humu" haitoshi kama watoto wanacheza upande wa pili. Kidole kikae nje ya triga muda wote. Sukuma kile kitufe cha kufungulia, silinda itoke pembeni. Inua mtutu uelekee juu, kisha bonyeza ufito ulio mbele ya silinda mpaka mwisho ili risasi na maganda yadondoke.

Sasa hesabu. Filamu zimetuzoesha risasi sita, lakini bastola nyingi za umbo hili dogo zina tano, na zipo zenye idadi nyingine. Usihesabu kwa kumbukumbu, hesabu matundu. Matundu matano, risasi tano au maganda matano mkononi, au matundu uliyoyakuta wazi. Angalia mwanga upite kwenye kila tundu. Pitisha na ncha ya kidole kidogo, kwa sababu macho huchoka na taa ya sola wakati mwingine ni hafifu. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi, zikafungiwe chumba kingine. Kuzisogeza pembeni ya meza hakutoshi.

Mtu aliyezoea bastola ya magazini ajue kwamba hii haina magazini ya kuchomoa, na nyingi hazina kitufe cha usalama. Kinachoizuia kufyatuka ni uzito wa triga peke yake, kama kilo tano hivi. Nyundo ikishavutwa nyuma, yaani ikishakokiwa, triga huwa nyepesi sana na safari yake ni fupi. Bastola iliyokokiwa ni hatari hata kuishika tu.

Kazi yenyewe

Fanyia kazi nje kwenye kivuli pasipo na watu, au chumbani madirisha yakiwa wazi. Jikoni hapana, na mkeka wa kulia chakula hapana. Lugha yetu inatuonya kwa neno moja: risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu, na risasi ni yale madini yenye sumu. Vumbi jeusi linalobaki ndani ya silinda lina madini hayo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huathirika zaidi, kwenye ubongo. Usile wala usivute sigara ukiwa kazini, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na matambara uliyotumia yafunge kwenye mfuko uyatupe pasipofikiwa na watoto wala kuku.

Vifaa si vingi: fimbo ya kusafishia yenye burashi ya shaba inayolingana na kaliba yako, vipande vya fulana chakavu ya pamba, mswaki wa zamani, dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti, na mafuta ya bunduki. Kwa umbo la bastola ya silinda, fimbo huingilia mdomoni mwa mtutu, si nyuma. Iingize taratibu na iende katikati. Ukiukwaruza ule ukingo wa mdomo, risasi hupoteza mwelekeo. Pitisha kitambaa chenye dawa, acha dakika chache, pitisha burashi mara kadhaa, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Fanya hivyohivyo kwenye kila tundu la silinda.

Kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo huleta tabu. Ufito ule wa kutolea maganda, ukiubonyeza, huinua kipande chenye umbo la nyota nyuma ya silinda. Chembe chache za baruti zikilala chini ya nyota hiyo, silinda hugoma kufunga au kuzunguka. Mwenyewe atadhani bastola imekufa, kumbe ni uchafu wa ukubwa wa punje ya chumvi. Bonyeza, piga mswaki mkavu chini yake, futa. Usipake mafuta hapo. Hii pia ndiyo sababu ya kuinua mtutu juu unapotoa maganda: uchafu udondoke chini, usiingie ndani.

Mbele ya silinda utaona duara nyeusi, moja kwa kila tundu. Ni alama za moto. Hazidhuru kitu, ziache. Nimeona watu wanaosugua duara hizo kwa msasa ili bastola ionekane mpya, nao wanakula chuma bila faida yoyote.

Sasa vile vidoa vya kahawia. Paka mafuta ya bunduki, acha usiku mmoja, kisha sugua kwa kitambaa au kwa mswaki wa nailoni. Vingi vitatoka. Stiliwaya ni chuma cha kawaida. Huacha chembe zake juu ya stenlesi, na chembe hizo zitashika kutu baada ya wiki, uone madoa mengi kuliko uliyoanza nayo. Jiki na dawa nyingine za klorini hula ule utando kama chumvi ilavyo. Msasa ni mbaya kwa sababu nyingine pia: namba ya silaha mara nyingi imechongwa chini ya mpini au kwenye fremu, na ndiyo namba iliyoandikwa kwenye leseni yako. Ukiifuta kwa bahati mbaya, utakuwa na kazi ya kuieleza polisi.

Mafuta ya kumalizia yawe kidogo sana, tone kwenye kitambaa, ufute bastola yote mpaka ibaki kama imepakwa losheni. Mafuta yakizidi huchuruzika mpaka kwenye risasi, nayo risasi iliyolowa inaweza kugoma kulipuka. Mafuta ya kupikia hugandana na kunata, usiyatumie. Petroli usiilete karibu. Na skrubu za ubavuni usizifungue hata kama unajua kutengeneza redio. Ndani mna springi zilizokazwa, hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali. Ukimaliza, rudisha silinda kwa mkono, taratibu. Kuifunga kwa kuirusha kama kwenye sinema hupinda ule mkono unaoishikilia.

Anayebeba kila siku huku pwani aifute kila jioni na aisafishe baada ya kila mazoezi ya shabaha. Msimu wa mvua aiangalie mara nyingi zaidi.

Bastola ikiwa imelala

Mfuko wa ngozi ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Ngozi hunyonya jasho na unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma usiku kucha. Toa bastola humo.

Chini ya mto si mahali pa silaha, wala juu ya kabati, wala kwenye begi la nguo. Watoto wanajua kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, pamoja na kile unachodhani hawakijui. Sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, ndilo linalofaa, na risasi zikae kwenye sanduku jingine. Asiye na uwezo wa kununua sanduku kubwa leo anaweza kuongeza kinga kwa kufuli dogo: fungua silinda, pitisha mkono wa kufuli kwenye fremu pale silinda inapokaa, funga. Silinda haiwezi kurudi, na bastola haiwezi kupiga. Usipitishe kufuli kwenye triga. Ufunguo ubaki kwa mwenye leseni.

Mwenye leseni akifariki

Hili hutokea vijijini kuliko tunavyodhani. Mzee alikuwa mfanyabiashara, alikuwa na bastola, amezikwa, na sasa mama anaipata kwenye kabati imefungwa kwa kitenge. Watoto wa kiume wanaanza kujadiliana nani airithi.

Bastola hairithiwi kama shamba. Kwa Tanzania, umiliki unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ni ya mtu aliyetajwa kwenye leseni. Haimhusu mkewe, mdogo wake wala mwanawe. Anayetaka kuimiliki aanze maombi yake mwenyewe polisi, kama mtu mwingine yeyote. Wakati huo silaha iwe mikononi mwa polisi, isikae kwake. Kuibakiza nyumbani kwa sababu "leseni ya baba ipo" ni kumiliki silaha bila leseni.

Kwa silaha zilizokaa muda mrefu bila kibali, Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na Jeshi la Polisi Tanzania limewahi kutangaza kipindi kama hicho, kwa mfano Septemba na Oktoba mwaka 2023. Fuatilia matangazo, tutayasoma hewani yakitoka.

Mama aliyeikuta bastola kabatini asijaribu kuifungua kuona kama ina risasi, na asiipakie kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Aiache ilipo, afunge chumba, awatoe watoto, kisha ampigie polisi kata au kituo cha polisi, akiwa na leseni ya marehemu mkononi kama ameiona, ili waje kuichukua wenyewe na kumwandikia hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha.