Mtu Ahesabuye Wasafiri

Alfajiri, umande ungali juu ya majani ya migomba, mama mmoja wa Izimbya amekwisha kufika barabarani. Kando yake iko mikungu miwili ya ndizi ya kupeleka sokoni Bukoba; mgongoni amembeba mtoto aliyekosa usingizi kwa homa. Gari limesimama pale pale, na ndani wameketi watu sita.

"Waitu, gari litaondoka saa ngapi?" mama auliza.

"Likijaa, mama," ajibu kondakta.

"Na litajaa saa ngapi?"

Kijana acheka tu. Si mkorofi, jibu lenyewe hana. Mwenye gari amemwonya asiondoke na viti vitupu, na mafuta hayanunuliwi kwa maneno. Basi mama aketi juu ya jiwe, angoja.

Mambo kama haya huonekana katika vijiji vingi vya Bukoba na Muleba, wala si kwetu peke yetu. Tumeyazoea hata twadhani hayana dawa. Lakini wako watu ambao kazi yao ya kila siku ni kulijibu swali la mama yule: gari lipite wapi, saa ngapi, mara ngapi, na kwa nauli gani. Tumwite mtu wa kazi hii mpanga usafiri. Leo tuitazame kazi yake, kwa maana yawahusu wazazi wenye watoto wapendao hesabu, na yatuhusu sisi sote tungojao njiani.

KAZI YAANZA KWA KUHESABU

Labda utadhani mtu huyu hukaa ofisini na kuchora mistari juu ya ramani. Ramani anayo, lakini kabla ya kuishika hutoka nje. Husimama kituoni tangu giza la asubuhi, daftari mkononi, na kuhesabu: wangapi wamepanda, wangapi wameshuka, wangapi wameachwa kwa kuwa gari limejaa. Hawa walioachwa huwahesabu kwa makini kuliko wote, kwa sababu mapato ya kondakta hayawaonyeshi. Tena huuliza habari za wale wasiofika kituoni kabisa: anayekwenda kwa miguu kwa kukosa nauli, na mgonjwa aliyebaki nyumbani kwa kujua kwamba gari la kumrudisha jioni halipo.

Akisha kuhesabu, hufanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifuata. Tuseme mahali penye watu wengi kuliko pote katika njia fulani ya mjini, abiria 300 hupita katika saa moja ya asubuhi. Gari moja lachukua 30. Basi yatakiwa magari 10 kila saa, maana yake gari moja kila dakika 6. Tuseme tena kwamba kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko ya dereva, huchukua dakika 90. Gawanya 90 kwa 6: yatakiwa magari 15 barabarani, na moja au mawili ya akiba, kwa sababu gari nalo huugua.

Sasa tazama ajabu yake. Msongamano ukizidi, safari ile ile ikachukua dakika 120, magari yatakiwayo huwa 20. Abiria hajaongezeka hata mmoja, bali magari matano yamemezwa na foleni. Mafuta, tairi na mishahara ya magari hayo matano lazima ilipwe na mtu, na mtu huyo, kwa njia moja au nyingine, ni abiria.

SAA ZA ABIRIA NAZO NI MALI

Turudi kwa gari lile la "likijaa". Mwenye gari aokoa mafuta yake, jambo ambalo si dhambi, kwa maana naye ana deni la gari na watoto wa kusomesha. Lakini anayaokoa kwa kutumia saa za abiria. Watu ishirini wakingoja saa mbili kila mmoja, zimepotea saa arobaini za kazi. Shamba halikupaliliwa, mtoto hakufika zahanati mapema, ndizi zimekuta wanunuzi wamekwisha kununua za wengine. Hasara hii haiandikwi katika daftari la mtu ye yote, na ndiyo maana yaonekana kana kwamba haipo. Mpanga usafiri huiandika.

Tena ajua kwamba mjini na kijijini dawa si moja. Mjini, gari likipita kila dakika sita, hakuna haja ya kujua saa. Ukikosa hili utapata lijalo. Kijijini magari ni machache, kwa hiyo la kwanza ni kutimiza ahadi. Gari moja liondokalo saa kumi na mbili asubuhi kila siku, lijae lisijae, lafaa kuliko matatu yasiyojulikana yataondoka lini. Watu wakisha kuliamini, wenyewe watalijaza. Wasipoliamini, kila mtu atatafuta njia yake, na gari litakaa tupu hata saa nne.

Tena huangalia safari zinavyoshikana. Tuseme basi la Mwanza laondoka Bukoba alfajiri, na gari la kijijini lafika mjini saa mbili asubuhi. Magari yote mawili ni mazima na madereva wote ni hodari, lakini msafiri atalala mjini na kulipia chumba, kwa sababu hakuna aliyeziweka saa mbili hizo juu ya karatasi moja.

MFANO WA DAR ES SALAAM

Ili tuone kazi hii ikifanyika kwa ukubwa, twende Dar es Salaam. Mji huo umejaribu njia nyingi. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya mabasi iliyojulikana kwa herufi DMT. Mwaka 1970 Serikali ikaitaifisha, na mwaka 1974 likaundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Watu wakaongezeka upesi kuliko mabasi. Vipuri vikawa haba, watu wakawa wananing'inia milangoni. Mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu watu binafsi kuchukua abiria, na hapo magari ya daladala yakapata uhalali. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita "dala". Ndilo jina lililobaki hata leo.

Daladala ziliuokoa mji, lakini kila gari lilijitafutia riziki peke yake. Mahali penye faida yalijazana, na penye watu wachache watu walitembea. Ndipo mapema miaka ya 2000 ikaanza mipango ya mabasi yaendayo haraka, ambayo kila mtu sasa huyaita mwendokasi. Awamu ya kwanza, yenye kilomita 21 hivi, yatoka Kimara kwa barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi yake yafika Gerezani na Morocco. Ilianza kuchukua abiria mwezi Mei 2016, na Rais John Magufuli akaizindua rasmi Januari 2017. Zaidi ya miaka kumi ya kupima, kubishana, kukopa na kujenga ilipita kabla abiria wa kwanza hajapanda. Kazi hii haimfai mtu mwenye haraka, ingawa mabasi yake yaitwa ya haraka.

Wapangaji walifanya nini? Kwanza waliyapa mabasi njia yake ya katikati ya barabara, ili foleni isimeze magari kama tulivyoona katika hesabu yetu. Pili, nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Tuseme kila abiria atumia nukta tatu mlangoni kutafuta pesa: watu arobaini hula dakika mbili, na katika vituo ishirini zimekwenda dakika arobaini. Tatu, sakafu ya kituo imelingana na sakafu ya basi, hata mzee mwenye fimbo, mama mjamzito na mlemavu katika kiti chake waweza kuingia bila kupanda ngazi. Hakuna katika mambo hayo matatu lililohitaji uchawi. Yalihitaji mtu wa kukaa chini na kuhesabu nukta.

Hata hivyo tusifiche makosa. Mabasi yaliyoanza yalikuwa 140, nayo hayakutosha, hata abiria wakasongamana vituoni wakati wa asubuhi na jioni. Tena maegesho na karakana ya mabasi yalijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ziliponyesha, mafuriko yakaingia humo zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Mzee wa kijijini asiyejua kusoma asingejenga banda la ng'ombe mahali ambapo mto hupita mwaka baada ya mwaka. Twajifunza kwamba elimu ya ramani bila kuwauliza wenyeji juu ya maji na matope ni nusu ya elimu.

TULIVYOFUNZWA KWA MACHOZI

Sisi wa upande huu wa Ziwa tunajua kuliko wengine yatokeayo watu wasipohesabiwa. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya M.V. Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitoka kwetu Bukoba. Iliruhusiwa kuchukua watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, walimokuwamo watu wengi wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Mamia wakafa, na wengi wakazikwa Igoma, Mwanza. Hata leo ziko familia mkoani kwetu ambazo zamtaja mpendwa wao kwa sala bila kuwa na kaburi la kulizuru.

Tazama jambo hili kwa utulivu. Waliokuwa na pesa kidogo zaidi ndio ambao majina yao hayakuandikwa. Katika lugha yetu hesabu na heshima ni maneno yanayosikika kama ndugu, na katika kazi ya usafiri ni ndugu kweli. Asiyehesabiwa hatengewi kiti, wala boya, wala mtu wa kumtafuta.

NI MTU WA NAMNA GANI?

Kijana atakaye kazi hii na awe na mambo manne. La kwanza, hesabu. Si lazima awe bingwa, bali asiogope kugawanya na asichoke kurudia. La pili, miguu: asitosheke na habari za kuambiwa, bali asimame mvuani pamoja na abiria. La tatu, sikio, kwa kuwa atapaswa kusikiliza dereva, mwenye gari, mwalimu, muuguzi na mchuuzi wa dagaa, na kila mmoja atataka saa yake. La nne, uaminifu. Kila mwenye duka angependa kituo kiwe mlangoni pake, na mkono wenye bahasha hauko mbali. Mstari mmoja juu ya ramani waweza kumtajirisha mtu na kuwachosha elfu.

Masomo yapo nchini kwetu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanza mwaka 1975, kiko Dar es Salaam, na huko huko Chuo Kikuu Ardhi hufundisha mipango ya miji. Mzazi mwenye binti apendaye hesabu asidhani kwamba mbele yake iko ualimu na uuguzi tu, ingawa hizo nazo ni kazi njema.

NA SISI TULIO KIJIJINI?

Usiseme, "Mambo hayo ni ya mjini." Tangu mwaka 2019 iko Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo hutoa leseni za magari ya abiria na kusimamia nauli, nayo ina ofisi mikoani. Mtu akienda kwa mamlaka ye yote na kusema, "Tunateseka," atapewa pole. Akienda na daftari, mazungumzo huwa mengine.

Basi vijana wawili wa kijiji wachukue daftari la shule. Kwa wiki mbili, wakibadilishana zamu, waandike katika njia panda: siku gani, saa ngapi, watu wangapi wamefika, wangapi wameondoka kwa gari, wangapi kwa bodaboda, wangapi wamerudi nyumbani. Siku ya gulio, Jumapili na siku ya kliniki ziandikwe mbali mbali, kwa sababu hazifanani. Siku ya mvua wasikose, maana ndiyo hueleza habari za barabara yenyewe. Kisha wajumlishe na kuyapeleka kwa serikali ya kijiji na diwani, na wakutane na wenye magari. Mwenye gari akiona kwa macho yake kwamba watu 25 hufika kila siku kabla ya saa kumi na mbili na nusu, atakubali kuondoka kwa saa kwa kuwa ni faida yake, bila kushurutishwa.

Mama yetu bado ameketi juu ya jiwe. Abiria wa saba amefika, na wa nane yuaja kule mlimani akiwa na kapu kichwani. Mtoto amelala kidogo. Kama kesho atamkuta pale kijana mwenye kalamu, na kijana akamwuliza, "Shikamoo mama, umefika saa ngapi?" asimwonee haya. Na amjibu, amtajie na saa aliyoamka, maana nayo yafaa iandikwe.