Mkono Unaomlisha Mzee Nao Ufunzwe

Visiwani tunaijua Lushoto kwa mazao yake: karoti, kabichi na matunda ya nchi ya baridi, yanayoshuka kwa malori kutoka Milima ya Usambara hadi masoko ya pwani. Leo hatuandiki juu ya kilichomo kapuni. Tunataka kusema juu ya chakula kinapofika mdomoni mwa mtu asiyeweza tena kujilisha, na juu ya yule anayekishika kijiko.

Huko Usambara, kama huku kwetu, kumlisha mgonjwa ni kazi ya ndugu zake. Jamaa huja hospitali na bakuli, huketi kitandani, humlisha mgonjwa wao, kisha hurudi nyumbani. Desturi hii ni njema na hatuombi ivunjwe. Lakini ni nani aliyemfunza ndugu huyo namna ya kulisha? Na yule mzee asiye na ndugu, anayeishi katika makaazi ya wazee, ni rahisi mno kijiko chake kikaangukia mkononi mwa yeyote aliye karibu, awe mpishi, mfagiaji au mzee mwenziwe aliyebakiwa na nguvu kidogo.

Wengi hudhani kwamba hapana la kujifunza hapo. Sisi twaona kinyume chake. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yakamtoka, na kikohozi hicho ndicho mlinzi wake. Kwa mzee aliyepatwa na kiharusi mlinzi huyo huweza kulala: chakula huteleza kikaingia mapafuni bila ya kelele yoyote, na siku chache baadaye huja homa na nimonia, nasi tukasema kwamba uzee umemfika. Mlishaji aliyefunzwa humketisha mzee wima, kidevu kikiinama kidogo. Humpa kijiko kidogo, akangoja mpaka ammeze, ndipo alete cha pili. Yeye mwenyewe huketi, hasimami juu ya kichwa cha mtu kama msimamizi wa shamba. Hamsemeshi mzee mwenye tonge mdomoni, wala hamlazi mara amalizapo kula. Husikiliza sauti pia, kwani sauti iliyolowana baada ya kumeza ni dalili. Zaidi ya yote hujua kwamba maji na chai huweza kumdhuru mwenye umezaji dhaifu kuliko uji mzito, jambo ambalo watu wengi hulidhani kinyume.

Mlima nao una mambo yake. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ugali uliosongwa laini hupoa upesi kwa baridi na kugeuka mgumu kabla mzee anayekula polepole hajafika nusu ya sahani. Makande, chakula kitamu kwa mwenye meno, ni mtihani kwa kibogoyo: punje na maharage havifuatani kooni. Kuyaponda si kumdharau mzee.

Katika milima hiyo hiyo, upande wa Korogwe, iko Lutindi. Kituo hicho kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa hospitali ya maradhi ya akili, miongoni mwa za kwanza katika Afrika Mashariki. Tunaitaja kwa sababu nyumba za namna hiyo zina hatari isiyosemwa sana: baadhi ya dawa za akili hukausha mdomo na kudhoofisha umezaji, na baadhi ya wagonjwa hula kwa pupa. Hapo mlishaji hutakiwa kujua la kufanya tonge likiziba njia ya hewa: kumpiga mtu mgongoni katikati ya mabega, na isiposaidia, kumkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo kwa nguvu kuelekea juu, njia aliyoitangaza daktari Mmarekani Henry Heimlich mwaka 1974.

Kwamba watu wa kijijini hufunzika, Irente karibu na Lushoto ni ushahidi. Katika nyumba ya watoto ya Kanisa la Kilutheri, wasichana hufunzwa malezi ya watoto wachanga kwa vitendo. Kama yupo wa kumfunza msichana namna ya kumlisha mtoto asiye na mama, kwa nini asiwepo wa kumfunza namna ya kumlisha mzee asiye na mwana?

Marekani, mwaka 2003, ilitoa kanuni ya walishaji wanaolipwa katika nyumba za wazee: mafunzo yasiyopungua saa 8, kazi chini ya usimamizi wa muuguzi, na kutowagusa wenye matatizo makubwa ya kumeza. Saa 8 ni chache, na wapo walioilaumu kanuni hiyo kwa kuogopa kwamba ingekuwa njia ya kukwepa kuajiri wauguzi. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo mpaka waliouweka ni wa busara: muuguzi ndiye aamuaye nani alishwe na nani.

Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya masuala ya wazee. Ni mambo ya kujivunia. Tunaiomba sasa wizara inayohusika iutazame mlo wenyewe katika makaazi ya Sebleni, Welezo na Limbani: kila mlo uwe na muuguzi anayejulikana kwa jina kuwa ndiye msimamizi, liwepo daftari la kuandikia nani alikula kiasi gani na nani alikohoa, na wazee wapimwe uzito kila mwezi. Mafunzo yasiishie kwa wafanyakazi. Jamaa na wahisani wanaokuja kuwatazama wazee siku za Sikukuu nao waonyeshwe, kabla hawajaifungua sinia ya pilau.