Fahamu: Kopo la unga na kopo la maharagwe hayalingani uzito

Tangu kundi la waasi la M23 liuteke mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Februari 2025 na benki kufunga milango, mama wa mtaa wa Muhumba anayekwenda sokoni Nyawera au Kadutu huhesabu kila faranga. Huko vyakula vikavu mara nyingi hupimwa kwa kopo la maziwa la Guigoz, si kwa mizani. Kopo hupima ujazo tu. Unga wa muhogo una hewa nyingi kati ya chembe zake, ndiyo maana kopo lake ni jepesi kuliko la maharagwe. Likitikiswa, unga hushuka. Muuzaji mwema huongeza hadi unga ufanye kilele juu ya mdomo wa kopo. Maharagwe yasiyokauka nayo ni hasara, maana unalipia maji. Ng'ata punje moja: ikibonyea, bado mbichi. Tazama pia kilele, kwani kikipunguzwa, bei imepanda kimyakimya.